Gari na kompyuta zikitunzwa zinafika wapi? Corolla 110 yangu inaelekea kilomita 412,000

#1 Chuma110 (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Nina vitu viwili nyumbani ambavyo kila mgeni anayeingia ananishauri niviuze. Cha kwanza ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, leo inasoma kilomita 411,870. Cha pili ni laptopu, ThinkPad T420 ya mwaka 2011, niliyoinunua mtumba Kariakoo mwaka 2015. Gari linanipeleka Morogoro na kunirudisha karibu kila baada ya siku kumi. Laptopu ndiyo ninayoandikia uzi huu.

Juzi shemeji yangu alikuwa hapa. Akaniambia gari likishavuka laki tatu ni la kuuzia vyuma, na kompyuta yoyote ikishapita miaka mitano unajidanganya. Nimekaa na maneno hayo siku mbili. Namheshimu sana shemeji, lakini sioni namba hizo zimetoka wapi.

Kuna mwalimu wa New York aliyeitwa Irv Gordon. Mwaka 1966 alinunua Volvo P1800 mpya. Mwaka 1987 ikatimiza maili milioni moja. Mwaka 2013, akiwa Alaska, ikatimiza maili milioni tatu, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8, na bado alikuwa anaiendesha. Alifariki mwaka 2018, gari likiwa zima. Ugiriki nako kulikuwa na dereva teksi, Gregorios Sachinidis. Mercedes yake 240 D ya mwaka 1976 ilifikisha kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 akaikabidhi kwa makumbusho ya kampuni hiyo kule Stuttgart.

Kwa upande wa kompyuta, Voyager 1, chombo cha anga cha NASA, ilirushwa mwaka 1977. Kompyuta zake zimekuwa zikifanya kazi tangu hapo, huko angani ambako hakuna fundi wala duka la spea. Novemba 2023 ilianza kutuma takataka badala ya taarifa. Wahandisi wakagundua ni chipu moja ya kumbukumbu imekufa, wakaigawanya sehemu ya programu iliyokuwa humo na kuihamishia kwenye nafasi nyingine za kumbukumbu, wakiwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24. Aprili 2024 ikaanza tena kutuma taarifa zinazosomeka.

Swali langu ni hili: kwa mazingira yetu ya vumbi, joto, foleni na umeme wa kukatika, chombo kikitunzwa kinafika wapi kweli? Na kinakufa kwa nini hasa? Nataka majibu ya watu walioshika spana au bisibisi, au waliokaa na chombo kimoja muda mrefu.

Niongeze moja. Gari hivi karibuni lina tabia ya kuzima lenyewe nikiwa nimesimama, halafu linawaka tena. Fundi mmoja wa hapa amesema injini imechoka, nitafute injini ya mtumba. Hilo nalo limenisukuma kuandika.

#2 FundiGerezani (Dar)

Mkuu, usinunue injini kwanza. Nitalirudia.

Nipo gereji tangu 2003 na 5A nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jambo la kwanza ambalo watu hawalielewi ni kwamba kilomita ni kipimo cha nusu tu. Injini inachakaa kwa saa inazowaka na kwa namna inavyowaka. Chukua kilomita 5,000 za foleni ya Mbagala, wastani wa mwendo kilomita 20 kwa saa: hizo ni saa 250 za injini kuzunguka. Kilomita hizo hizo barabara ya Dodoma kwa wastani wa 80 ni saa 62 na nusu. Dashibodi inaonyesha namba ile ile, wakati injini moja imefanya kazi mara nne ya mwenzake, tena kwenye joto bila upepo wa kuipoza. Yule mwalimu wa Volvo alikuwa mtu wa barabara kuu. Injini ikishapata moto wake inakwenda masaa mengi bila kuzimwa, na hayo ndiyo maisha mazuri kwa injini. Kwa hiyo gari lako la safari za Morogoro lenye laki nne linaweza kuwa zima kuliko IST ya laki moja na nusu iliyolelewa foleni.

Sasa kinachoua. Hapa Dar, katika injini kumi zinazoletwa kwangu zimekufa, nyingi hazikufa kwa kusagika. Zimekufa kwa kuchemsha, na kuchemsha kunaanzia kwenye maji. Watu wanajaza rejeta maji ya kisima. Maji yetu ya visima yana chumvi. Yanakula alumini ya silinda hedi na kuacha ukoko ndani ya vijia vya rejeta mpaka vinaziba. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, si rangi tu. Ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewa kuchemka. Ukiiweka sahihi na kuibadilisha kwa wakati, pampu ya maji na hedi gasketi zinakaa miaka mingi.

Halafu kuna dhambi moja ambayo sisi mafundi wenyewe tumeieneza: kutoa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, fundi anaing'oa na kuitupa, anasema huku kwetu ni joto, haihitajiki. Si kweli hata kidogo. Bila themostati injini ya safari fupi haifikii joto lake, kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaosha kuta za silinda na kupenya kwenda kwenye oili. Baada ya mwaka ringi zimeisha, gari linakula oili, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Nimewahi kuwakatalia wateja waliotaka niitoe, wakaondoka na hasira. Sijutii.

Oili mwaga kila kilomita 5,000, ukiwa mtu wa foleni mwaga mapema zaidi. Gia boksi ya otomatiki nayo ina oili yake, na inazeeka. Watu wanaendesha laki mbili bila kuigusa, halafu siku gia zikianza kuteleza ndipo wanakumbuka.

Kuhusu kuzima: linazima injini ikiwa ya moto au ya baridi? Taa ya cheki injini inawaka? Ukisimama mshale wa mizunguko unapanda na kushuka? Nijibu.

#3 Kidato_Six

Lakini wakuu, hiyo Volvo ilifunguliwa injini. Na ile Mercedes ya Ugiriki ilibadilishiwa injini kabisa, tena si mara moja. Sasa hapo gari gani limedumu? Ni jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tano na bamba mara mbili, bado mnaliita jembe la babu.

#4 Chuma110

Kidato_Six, hoja nzuri. Volvo ilifunguliwa injini baada ya maili 680,000, ambazo ni kama kilomita 1,090,000. Kwangu mimi kufungua injini baada ya kilomita milioni moja ni matunzo kama matunzo mengine. Kuhusu jembe, babu yangu kweli alikuwa na jembe la hivyo, na alilimia mpaka mwisho. Hakuwahi kulala njaa kwa sababu ya kujiuliza kama ni lile lile.

FundiGerezani: linazima likiwa la moto, hasa baada ya kama nusu saa. Mshale unacheza, unapanda mpaka 1,500 na kushuka mpaka 500. Taa ya cheki injini inawaka siku moja na kuzimika siku tatu. Themostati ipo, niliibadilisha 2019. Mkanda wa taimingi nilibadilisha kwenye 315,000.

#5 FundiGerezani

Mkanda wa taimingi ni wa kilomita 100,000, kwa hiyo uko karibu sana na deni. Ubadilishe na pampu ya maji kwa pamoja. Na kabla ya yote nenda kapime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, kwenye silinda zote nne. Anayekwambia injini imechoka bila kupima kompresheni anabahatisha kwa pesa yako.

#6 MzeeWaMasafa (Kigoma)

Wanangu, nimesoma nikavutiwa. Nimestaafu baada ya miaka 31 ya udereva wa hospitali, na sehemu kubwa ya hiyo miaka nilikuwa na Land Cruiser moja, ile ndefu yenye mkonga, injini 1HZ. Injini hiyo Toyota walianza kuitoa mwaka 1990: dizeli, silinda sita, ujazo wa lita 4.2, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta. Nimebeba nayo wajawazito, chanjo, maiti, na mara moja mbuzi wa daktari.

Nitawaambia nilichokiona. Tulipewa magari mawili siku moja, yametoka kwenye meli moja. La kwangu liliendeshwa na mimi. La pili liliendeshwa na kila aliyekuwa zamu. Baada ya miaka tisa la pili lilikuwa juu ya matofali nyuma ya karakana, wakilinyofoa vipuri vya kulisaidia la kwangu. Barabara ilikuwa ile ile, vumbi lile lile, dizeli kutoka tangi moja. Gari la watu wengi halina mtu wa kusikia sauti mpya. Bushi ikianza kulia leo, dereva wa leo anasema kesho atakuwepo fulani. Kesho fulani hajui kama sauti hiyo ni ya jana au ya mwaka jana.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha: oili, maji, mkanda wa feni, upepo wa magurudumu, chini ya gari kuangalia doa jipya. Dakika kumi. Kila Ijumaa grisi kwenye propela shafti. Filta ya hewa kipindi cha kiangazi niliitoa na kuipuliza, kutoka ndani kwenda nje, maana ukipuliza kutoka nje unalizamisha vumbi kwenye karatasi. Vumbi likipita filta ni msasa ndani ya silinda. Nilipoliacha gari lilikuwa na kilomita 640,000 na injini haijafunguliwa.

#7 Kidato_Six

Shikamoo mzee wangu. Hilo la gari la wengi limenigusa, hata maabara yetu ya kompyuta shuleni ilikufa hivyo hivyo. Kompyuta ishirini, hakuna mwenye nazo.

#8 MzeeWaMasafa

Marahaba mwanangu. Anza na daftari.

#9 Kibokoni_Elektroniki (Mombasa)

Salamu kutoka pwani. Miye kazi yangu ni bodi za kompyuta na redio, miaka kumi na minane sasa, kwa hivyo niacheni nizungumzie upande wangu.

Chipu yenyewe, ule ubongo, ni nadra mno kufa kwa uzee. Vinavyokufa ni vilivyoizunguka. Namba moja ni kapasita, vile vikopo vidogo vya duara. Ndani vina majimaji, na joto linayakausha. Kanuni tuliyofundishwa ni kuwa ukiipunguzia kapasita nyuzi 10 za joto, umri wake unaongezeka maradufu. Basi kaa ufikirie kompyuta ambayo feni yake imejaa vumbi mwaka wa nne. Mwenyewe anaona inapiga kelele kidogo tu, na kumbe kila kikopo kwenye bodi kinapoteza umri nusu kwa nusu. Kusafisha feni na kubadilisha pasti ya joto juu ya prosesa kila baada ya miaka miwili au mitatu ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayofanana na kumwaga oili.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na janga la kapasita mbovu dunia nzima. Zilivimba vichwa na kupasuka hata kwenye kompyuta changa. Nilipoanza kazi nilikuwa nabadilisha kapasita kila siku. Ukiona kompyuta ya enzi hizo bado nzima leo, ama ilipata kapasita nzuri ama imepita mkononi mwa mtu kama mimi.

Ya pili ni maungio. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia madini ya risasi katika vifaa vya elektroniki, na viwanda vikahamia uchomeleaji wa bati usio na risasi. Kwa afya ya watu ni jambo jema na siwezi kulipinga. Lakini yale maungio ya miaka ya mwanzo yalikuwa makavu, yakipata moto na kupoa, moto na kupoa, yanapasuka chini ya chipu za picha. Laptopu nyingi za mwaka 2007 na 2008 zilikufa skrini, ingawa kwa zile za chipu za picha za Nvidia kosa kubwa lilikuwa ndani ya chipu zenyewe, na za baadaye kama hiyo T420 zimedumu.

Ya tatu, diski ya kuhifadhia, ile hard disk. Ile inazunguka, ina sindano, ina bearingi, ni mashine. Ukiitoa ukaweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, laptopu ya 2011 inapata maisha mapya siku hiyo hiyo. Watu wanaogopa kwamba SSD inaisha kwa kuandikiwa. Samsung 850 EVO ya gigabaiti 250 ilipewa dhamana ya kuandikiwa terabaiti 75. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa mtu wa kawaida, ni zaidi ya miaka kumi.

Huku kwetu ongezeni chumvi ya bahari na umeme. Umeme ukikatika hauleti madhara mengi. Unaporudi ndipo unaporuka. Mwenye desktopu awe na UPS, ile betri ya akiba. Mwenye laptopu tayari ana betri ya kumkinga, maadamu betri haijafa. Na betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa mia kwa mia kwenye joto. Kama laptopu inakubali, iambie ikome kuchaji kwenye 80.

Haya, kaka Chuma110. Hiyo gari yako inayozima ikiwa na moto, taa ya cheki injini inawaka na kuzimika bila mpango. Ile kontroli boksi ni kompyuta ya mwaka 1998. Ndani ina kapasita zile zile ninazozieleza. Boksi za Toyota za miaka ya tisini nimezifungua nyingi, kapasita zimevuja, majimaji yamekula njia za shaba kwenye bodi. Mwambie fundi wa umeme aitoe boksi, aifungue, anuse. Harufu ya samaki ikitoka, umeshapata jibu.

#10 FundiGerezani

Kibokoni umesema kweli, na ni kosa letu watu wa spana. Tunabadilisha sensa tatu kabla ya kukumbuka kuwa kuna bodi.

#11 Sauda_K (Arusha)

Naomba nipingane kidogo, kwa upendo. Wote mnazungumzia kama chombo kinawaka. Mimi nauliza kama bado kinafaa kuaminiwa.

Kompyuta. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane na kuendelea. T420 ni kizazi cha pili. Mashine nzima, kibodi nzima, skrini nzima, imekataliwa kwa karatasi. Ukiendelea nayo hivyo hivyo, tundu la usalama likigunduliwa hakuna wa kuliziba, na humo ndimo unamofungulia akaunti ya benki. Hapa kilichozeeka si chombo. Mtu ameamua kuacha kukihudumia.

Gari. Umri una vitu ambavyo kilomita hazionyeshi. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Nendeni sasa hivi mkasome ubavu wa tairi: kuna namba nne za mwisho, mfano 2317, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Nimeona tairi zenye kashata nzuri kabisa, zimetengenezwa miaka kumi na moja iliyopita, zinauzwa kama mpya. Maji ya breki nayo yananyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya, yanachemka mapema, na kwenye mteremko mrefu kama wa Sekenke pedali inazama mguuni. Yabadilisheni kila miaka miwili hata kama breki inashika. Kuna kutu ya chesi, kuna mikanda ya usalama iliyolegea. Mjomba wangu alikuwa na gari zima kwa injini, likamuua kwa tairi. Ndiyo maana nasema kwa ukali.

#12 Chuma110

Pole sana dada Sauda. Nimetoka nje na tochi. Tairi mbili za nyuma ni za 2014. Zinatoka Jumamosi hii, sitasubiri mshahara.

Kuhusu kompyuta, niliiondoa Windows mwaka 2023, pale Chrome ilipoacha kuihudumia Windows 7 niliyokuwa nayo. Nikaweka Linux Mint. Ni bure, inapokea marekebisho ya usalama kila wiki, na T420 yangu yenye SSD na ramu ya gigabaiti 8 inawaka kwa sekunde kama ishirini na tano. Wiki mbili za kwanza nilihangaika na printa. Baada ya hapo sijarudi nyuma.

#13 Ughaibuni_Muscat

Assalaam alaykum. Niko Muscat mwaka wa kumi na nne, natoka Unguja. Huku joto la kiangazi linapita nyuzi 45, na nimejifunza kuwa joto linaua vitu vya watu kwa mpangilio: kwanza betri, miaka miwili ukibahatika, kisha mipira na mabomba, kisha plastiki za dashibodi. Injini ndiyo ya mwisho. Wenye magari ya zamani huku wanaegesha kivulini kama wanalaza mtoto. Na spea tukizikosa tunaingia Sharjah, kule Emirati, kuna mitaa mizima ya magari yaliyofunguliwa, unatafuta mwenyewe.

Lakini nilitaka kusema la magari mapya. Mzee wa Kigoma amesema 1HZ haina kompyuta. Magari ya leo ni kompyuta yenye magurudumu, na yanapata magonjwa ya kompyuta. Mwaka 2021 Tesla waliitisha karibu magari 135,000, Model S na Model X, Marekani. Mota ilikuwa salama na betri ilikuwa salama. Chipu ya kuhifadhia kumbukumbu, gigabaiti 8, ilikuwa inaandikiwa mfululizo mpaka inachoka, na ikichoka skrini inakufa na kamera ya nyuma inapotea. Ni ugonjwa ule ule wa SSD aliousema Kibokoni, ndani ya gari.

Na upande wa pili: McLaren F1, magari 106 tu yaliyotengenezwa miaka ya tisini, ya bei isiyosemeka. Miaka mingi baadaye wahudumu wake walikuwa bado wanategemea laptopu za Compaq za zama hizo kuzungumza na kompyuta ya gari, kwa sababu kadi iliyotumika ilikuwa ya laptopu zile. Laptopu ile ikifa, gari lenye thamani kuliko mtaa wangu mzima linakosa wa kulihudumia.

#14 Kibokoni_Elektroniki

Ughaibuni, umenikumbusha gereji moja ya Gdańsk, Poland. Mwaka 2016 ilijulikana kuwa walikuwa wanasawazisha propela shafti kwa Commodore 64, kompyuta ya miaka ya themanini, na ilikuwa imefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 25. Haiunganishwi na intaneti, haiombi marekebisho, inafanya kazi moja. Nilipoisoma habari ile niliipenda mno, maana ndiyo hali bora ya chombo: kazi yake haijabadilika, basi nacho hakina sababu ya kubadilika.

Hata Bletchley Park, Uingereza, wana kompyuta iliyoanza kazi mwaka 1951, Harwell Dekatron, tani mbili na nusu. Ilikaa stoo miaka mingi, ikafufuliwa 2012, na vipande vyake vingi ni vile vile vya asili. Iliwezekana kwa sababu kila kipande kinaonekana kwa macho na kinashikika kwa mkono. Laptopu nyembamba za siku hizi, ramu imechomelewa, SSD imechomelewa, betri imegundishwa kwa gundi. Miaka sitini ijayo fundi wa kuifufua hiyo atashika wapi?

#15 Wanjiku_wa_Thika

Kwetu Kenya hatuwezi kuingiza gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, na majirani wa Uganda tangu 2018 mwisho ni miaka kumi na mitano. Kwa hivyo hizi 110 zilizoko barabarani ndizo hizo, zingine haziji. Babangu anayo, na mtu wake wa spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, anamwambia kila mwaka vitu vya ndani ya mlango na taa vinazidi kuwa adimu. Za injini ziko tele.

#16 FundiGerezani

Dada Wanjiku amegusa penyewe. Mimi mteja akiniuliza gari lake litaishi miaka mingapi, siangalii injini. Naangalia ni mangapi ya aina hiyo yako mjini. Land Rover za Arusha zinaishi kwa sababu Arusha imejaa Land Rover na watu wanaozijua; Oktoba 2024 walifanya tamasha zima la Land Rover pale. Kule Cuba Chevrolet za miaka ya hamsini zinatembea kwa sababu baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani hakukuwa na njia nyingine, mafundi wakajifunza kuchonga wenyewe na kufunga injini za dizeli. Gari zuri la aina moja peke yake mjini linakufa kwa kukosa taa ya kona. Nimeliona mara nyingi na linaniuma kila mara, gari zima limeegeshwa chini ya mwembe kwa kifaa cha kuenea kiganjani.

Ila spea zikiwepo nazo ziwe za kweli. Filta ya oili feki ukiikata ndani karatasi yake haifiki nusu ya ile halisi. Umemwaga oili kwa wakati na bado injini inakunywa uchafu.

#17 MzeeWaMasafa

Sikuwahi kutupa kipuri nilichokitoa kikiwa na nusu ya maisha. Kilikuwa na sanduku lake, kimefutwa, kimefungwa gazeti, na tarehe imeandikwa juu.

#18 Chuma110 (baada ya wiki tatu)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Kompresheni ilipimwa: silinda zote nne zinakaribiana, hakuna iliyoanguka. Injini haijachoka. Kontroli boksi tukaitoa, iko nyuma ya dashibodi, skrubu chache tu. Fundi wa redio hapa Dodoma akaifungua mbele yangu. Harufu ya samaki kama Kibokoni alivyosema, ikanijia kabla sijasogea karibu. Kapasita mbili zilikuwa zimevuja, na njia moja ya shaba imegeuka kijani. Akaosha bodi kwa spiriti, akaunga njia kwa waya mwembamba, akaweka kapasita mpya nne, maana nilimwomba asibakize za zamani za aina ile. Kapasita hazikufika elfu tano. Ufundi wake nimemlipa elfu arobaini na nilimwona anastahili zaidi. Kutoka siku hiyo mshale umetulia kwenye 750 na gari halijazima hata mara moja, nimekwenda Morogoro mara mbili.

Tairi za nyuma ni mpya, wiki ya 9 ya mwaka 2025. Maji ya breki yamebadilishwa. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai.

Daftari nimenunua. Ukurasa wa kwanza nimeugawa mara mbili, kushoto gari, kulia laptopu. Upande wa laptopu nimeandika: feni imesafishwa, pasti mpya, betri ya saa ya kwenye bodi, CR2032, imebadilishwa, maana tarehe ilikuwa inarudi nyuma kila ikizimwa. Binti yangu wa darasa la sita ameomba aandike yeye upande huo, na nimemwachia.

Asubuhi ya leo gari limesoma 412,938. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vimeshafika kutoka Dar, vinafungwa Jumamosi. FundiGerezani, boksi la mkanda lina namba, nitaipiga picha uiangalie kabla hakijafunguliwa chochote.